Kuwasemea Watu wa Shukani

Katika sinema ya kwanza niliyoisemea, nilimwozesha dada kwa kaka yake mbele ya kambi nzima ya wafanyakazi. Sikukusudia. Mkanda ulifika kwa treni mchana, tukauonyesha siku hiyo hiyo, nami sikuwa nimeuona hata kidogo. Niliona kijana wa Kizungu anashuka kwenye gari la farasi, msichana anatoka nyumbani mbio, wanakumbatiana. Nikashika mikrofoni nikawaambia watu kwamba huyu ni mchumba wake, amemngoja miaka mingi, moyo unamdunda. Watu wakafurahi. Walivyofurahi, nami nikazidisha. Nikawatia mapenzi kila walipotazamana, hata walipokuwa wanakunywa supu. Ukaja mkanda wa mwisho. Mama mgonjwa amelala kitandani, wale wawili wamepiga magoti kando yake, na ukutani kuna picha yao wakiwa wadogo, wamekaa mapajani mwa mama huyo huyo. Kisha mtu mmoja nyuma akauliza, bila haraka, kama ndoa ile ilifungwa kwa padri au kwa kadhi, na kicheko kilichofuata nadhani kilifika bandarini.

Ninaanza na hilo kwa sababu ninyi wawili mnaoshika kazi hii, mmoja kule Kabimba na mwingine katika kambi za reli, mtalisikia hata nisiposema. Afadhali mlisikie kwangu. Mmeniomba niwaandikie niliyojifunza, nami nimeandika ukurasa huu mara nyingi kuliko inavyofaa kukiri. Nimestaafu kabla ya kufika umri wa miaka thelathini, jambo linalowachekesha wazee wa mtaani, lakini kazi ya kusemea sinema huzeesha koo kabla ya mwenye koo.

Kazi yenyewe mnaijua kwa kuitazama. Kwenye ramani mji wetu una jina la mfalme wa Wazungu. Sisi tunauita Kalemie, na katika Kalemie watu wanasema Kiswahili, wakati watu wa shukani, ile shuka nyeupe ya kuonyeshea picha, wanasema Kifaransa. Basi lazima asimame mtu kando ya shuka, na mikrofoni mkononi, awaambie wengine yule amesema nini na huyu amejibu nini. Mtu huyo nilikuwa mimi. Shule niliacha mapema. Kifaransa nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti makuukuu yaliyofungiwa ndakala, dagaa wa ziwa letu, sokoni, na kwa kamusi iliyopoteza kurasa zake za mwanzo. Kwa hiyo nilikuwa hodari kuanzia herufi D. Neno la mapenzi, kwa Kifaransa, linaanza na A.

Msemaji aliyenitangulia alipata kazi kwenye bwawa la umeme la Piana-Mwanga, akaondoka ghafula. Aliyenipokea ni Papa Kitenge, mwendesha mashine ya sinema, mtu wa Pepa, mrefu, mpole, aliyechunga ng'ombe wa Wazungu kabla ya kuchunga mikanda. Mtihani wake ulikuwa mmoja. Aliketi mbele ya sahani ya ugali, akaniambia nieleze kila kinachopita barabarani bila kunyamaza mpaka amalize kula. Nilieleza baiskeli, mbuzi, mama mwenye ndoo, mbuzi yule yule akirudi. Alikula polepole kwa makusudi, naamini hivyo hadi leo, ingawa sikumuuliza.

Siku zile za kwanza alinionyesha vyombo. Mikrofoni uishike mbali na mdomo kiasi cha upana wa kiganja, na uifunge kitambaa, kwa sababu upepo wa ziwa ukiingia ndani yake watu watadhani mvua imekuja na wataondoka. Usile karanga kabla ya kusema. Kunywa maji ya uvuguvugu yenye tangawizi. Grupu, ile mashine ya kuleta umeme, iwekwe nyuma ya kamio, lile lori letu, maana ina sauti kubwa kuliko yako na haichoki. Simama mahali unapoona shuka na nyuso za watu kwa pamoja. Na kumbuka walioketi nyuma ya shuka, ambao wanaona kila kitu kimegeuzwa: ukisema "mkono wa kulia" watakuzomea nusu ya watu, kwa haki kabisa.

Baada ya ile harusi ya ndugu wawili, sikulala vizuri kwa muda mrefu. Papa Kitenge hakunigombeza. Alikuwa anasafisha lenzi kwa kipande cha flaneli, akasema bila kuniangalia:

"Mimi nilichunga ngombe. Ngombe akisimama, ninasema amesimama. Sisemi anamuwaza mama yake."

Nikamwambia watu si ng'ombe.

"Njo maana," akasema. "Ngombe hatakucheka."

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake nzima: sema unachokiona na unachokisikia, ya ndani waachie watu. Ilikuwa kanuni nzuri nami sikuifuata. Nilijiambia kwamba kosa langu halikuwa kusema ya ndani. Kosa lilikuwa kuyasema vibaya. Na kusema kweli, watu wenyewe walikuwa wananitaka niyaseme. Hakuna aliyetoka nyumbani kwake na mkeka kichwani ili aone farasi. Wote walikuja kujua yule mwanamke anataka nini. Walikuwa wananiuliza kwa sauti, katikati ya sinema: sasa huyu anataka nini? Na mimi, nikiulizwa kitu, siwezi kusema sijui. Ni ugonjwa.

Kilichouzidisha ugonjwa huo ni mikasi. Mikanda ilipitia kwanza kwa wakubwa fulani walioona kuna mambo hayatufai. Busu lilikatwa. Kofi lilikatwa. Mzungu mlevi alikatwa. Basi unamwona bwana anaingia nyumbani amekasirika, ngumi imekunjwa, shuka inaruka kidogo, na bwana yule yule ameketi mezani anatabasamu, mkewe anamwongezea chai. Hasira imekwenda wapi? Papa Kitenge alinishauri niseme tu, "Hapa wamekata." Mimi niliona aibu kusema hivyo, kama mtu anayekaribisha wageni na kuwaambia nusu ya mboga imeliwa na paka. Nikawa naziba mapengo. Nilitunga yaliyotokea mle ndani, na kwa kuwa sikuridhika nayo, katika kambi iliyofuata niliyatunga upya. Katika kambi ya bandari mke alimwomba mumewe radhi. Katika kambi ya reli mume ndiye aliyeomba. Katika kambi ya tatu, ambapo nilifikiri nimefika mahali pazuri kabisa, chai ilikuwa na dawa ya mapenzi. Wiki hiyo wanaume wawili walishikana mashati sokoni, kila mmoja akiapa ameiona sinema kwa macho yake mwenyewe.

Nikaamua kujielimisha. Nilijiwekea desturi ya kwenda bandarini meli ya Kigoma inapofika, nikitazama nyuso za wanaopokea na wanaopokewa, nikikisia nani anampenda nani. Nilijifunza kwamba anayejigusa sikio anaficha kitu; kwamba anayependa humtazama mtu mdomoni na si machoni; kwamba mwanamke akirudia mahali pale pale bila haja, haja ipo. Hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu hakuna niliyemuuliza. Nilikuwa na elimu kubwa sana, yote ikitoka kichwani mwangu na kurudi humo humo.

Hapo ndipo anapoingia Zaina.

Mama yake, Mama Feza, alikuwa anauza vitumbua pale pale tulipotandika shuka, na alikuwa na ulimi ambao kila msemaji wa sinema aliuogopa. Nikisema mwanamke wa shukani analia kwa huzuni, Mama Feza anajibu kutoka kwenye kikaango chake: "Wacha uongo, ule moshi unamuingia macho, haoni jiko?" Na kweli, kulikuwa na jiko. Zaina binti yake alikuwa anamsaidia kugeuza vitumbua, na sinema ikianza aliviacha vikaungua.

Nilianza kumwona. Alikuja kila sinema, hata ile tuliyoirudia mpaka mbwa wa kambi wakaizoea. Hakuketi mahali pa kuona shuka vizuri. Aliketi upande wangu, karibu na mikrofoni. Hakuniangalia machoni kamwe. Aliniangalia mdomoni. Na midomo yake mwenyewe ilikuwa inacheza, taratibu, kama ya mtu anayeomba dua. Siku moja koo lilinikauka, naye akaniletea kikombe cha tangawizi bila kuombwa, akasimama pale mpaka nikamaliza, macho yake mkononi mwangu.

Mnaona dalili zote. Nami niliziona, na zilikubaliana na elimu yangu ya bandarini moja baada ya nyingine. Msichana huyu ananipenda, nikasema, na safari hii hawezi kutokea mama mgonjwa na picha ukutani. Nilimtuma mjomba wangu Feruzi, mfanyabiashara wa ndakala, mtu wa heshima zake, aende kuposa. Alikwenda na kanga jozi moja na maneno mazuri. Baba yake Zaina, fundi cherehani, alimkaribisha, akaipokea kanga, na kwa desturi yetu kanga ikipokelewa neno limekubaliwa. Kambi nzima ilijua kabla mjomba hajafika nyumbani. Nilipita mitaani nikipewa mikono. Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakuna aliyemuuliza, na hilo halikunishangaza wakati ule.

Basi wiki hiyo tukaonyesha sinema kwa akina mama peke yao, mchana, katika jumba wanalofundishiwa kushona. Madirisha tuliyaziba kwa magunia. Filimu ilikuwa ya kumwosha mtoto mchanga. Fikirieni: mimi, kijana asiye na mke, mwanamume peke yangu pamoja na Papa Kitenge, nikiwaeleza wanawake waliozaa kila mmoja watoto wanne au watano jinsi ya kumshika mtoto shingo. Nilitoka jasho. Nikaanza na yale niliyoyajua: mama huyu ana wasiwasi, mama huyu anawaza ya kesho. Wakaanza kucheka. Mtoto alipofikishwa kwenye beseni sauti yangu ikaondoka kabisa. Nilifungua mdomo, pakatoka upepo.

Shukani yule mama akaendelea kuosha, kimya. Ndipo kutoka kwenye mkeka pembeni ikaja sauti ya Zaina. Hakusimama hata kidogo.

"Maji yanatoka moshi. Anaweka kiko cha mukono. Ameondoa mbio. Anaongeza ya baridi. Anaweka tena. Sasa anaacha."

Mama mmoja akasema hata yeye hutumia kiwiko, si kidole, kidole kimezoea moto. Mwingine akamjibu. Zaina akaendelea, na sauti yake ilikuwa na mapumziko yangu, namna yangu ya kushusha mwisho wa sentensi, hata kikohozi changu kidogo kabla ya mkanda mpya. Alikuwa amenijifunza kama mtu anavyojifunza wimbo. Nilimtazama, mdomoni, machoni, kila mahali. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama shuka, uso wake umewaka kama wa mtu aliyefika kwao.

Nikafahamu, au nikadhani nimefahamu. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika kazi hii, niliogopa kudhani. Nilikuwa nimeshakisia mara moja, na kisio langu lilikuwa limevaliwa kama kanga na mama mtu. Kama nilikuwa nimekosea, nilikuwa karibu kumfunga mtu ndani ya nyumba ya mjomba wangu, nilimokuwa nikiishi, maisha yake yote, na mjomba wangu si mtu wa kuruhusu mke wa ndani kushika mikrofoni mbele ya kambi. Kama nilikuwa sijakosea, nilikuwa na mke. Ningeweza kunyamaza na kumpata. Nilizunguka mtaa kutwa, nikatengeneza maneno, nikayafuta, nikayatengeneza tena. Kesho yake nikaenda kwenye vitumbua. Mama Feza alikuwepo, naye hakuondoka, kama ilivyo haki yake.

"Zaina," nikasema, "mjomba alikuja kwenu. Wewe haukuulizwa."

"Hapana."

"Sasa ninakuuliza."

Akageuza kitumbua. Akageuza cha pili.

"Unauliza nini?"

"Unataka nini."

Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, kwa maana alinitazama kama anayetafuta mtego. Halafu akaonyesha kwa kijiti cha kugeuzia, upande wa kamio la sinema.

"Nataka ile kitu."

"Kitu gani?"

"Ile unashika mukononi. Nataka kusema mule ndani."

"Na kila siku ulikuwa unaniangalia..."

"Nilikuwa naangalia namna unaishika. Unaishika karibu sana, inakoroma."

Mama Feza alikuwa ameanza kucheka, mabega tu, bila sauti. Nikauliza lililobaki, kwa sababu nilikuwa nimeahidi nafsi yangu kuuliza yote.

"Na mimi?"

"Wewe sikukuwaza, Asani," akasema, si kwa ubaya. "Uko mutu muzuri. Lakini unasema sana."

"Kanga nimekwisha kuivaa," akasema Mama Feza. "Na nimeifua. Kanga ya kufuliwa hairudi."

Nikamwambia abaki nayo. Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Sitawaandikia yote aliyoyasema. Mengine yalihusu mama yangu, ambaye ni dada yake mwenyewe. Aliniuliza nimeona wapi posa iliyokubaliwa ikarudishwa na mwenye kuposa. Nikasema sijaona popote. Akaniuliza kama msichana ana kasoro. Nikasema hana. Basi wewe una kasoro? Nikasema yawezekana. Alifunga kilemba chake upya, akaenda kwa fundi cherehani kuomba radhi, na alininunia mpaka mwezi wa Ramadhani, tulipolazimika kufuturu sahani moja.

Mimi nilitazamia kuumwa na moyo. Nilijiandaa kwa hilo vizuri, kama ninavyojiandaa kwa kila kitu. Moyo uliniuma siku chache, halafu nikagundua jambo la aibu: nilichokuwa nimekitaka kwa Zaina ni mtu wa kunisikiliza neno kwa neno, na huyo bado nilikuwa naye. Hata haja yangu mwenyewe nilikuwa nimeisoma vibaya. Nani basi ningeweza kumsoma?

Papa Kitenge ndiye aliyekwenda kuongea na bibi msimamizi wa jumba la akina mama, kwa maneno machache, kama kawaida yake. Baba yake Zaina alikubali kwa sharti moja: sinema za wanawake peke yao, na mama mtu aketi kando. Baada ya muda zikawa sinema zote, mama mtu akiwa bado kando, na kikaango chake. Tuligawana kazi. Mimi nilitazama mkanda mapema, nikaandika wanayosema watu wa shukani, nikipata shida kwenye herufi A mpaka C, ambazo ndiyo kwanza nilikuwa nimezinunua katika kamusi nyingine. Yeye alisema. Hakuwa mkamilifu, na nawaambia hili kwa raha kidogo: alikuwa anacheka ndani ya mikrofoni, na farasi wakikimbia alisahau kusema kabisa, akatazama tu.

Lakini kwenye mapengo alifanya jambo ambalo mimi sikulifikiria. Mkanda uliporuka, alisema, "Hapa wamekata. Ninyi munafikiri alifanya nini?" Akashusha mikrofoni. Kambi ikalipuka. Mume anadai anamjua mke wake, mke anamkana, wazee wanatoa mifano ya majirani, Mama Feza anawasuta wote. Papa Kitenge alikuwa anasimamisha mashine ili wamalize. Hapo ndipo niliposikia watu wakisema, kwa vinywa vyao, yale niliyokuwa nayatafuta kwenye nyuso zao pale bandarini. Dereva mmoja mkimya, aliyekuwa haongei na mtu, alisema yule bwana hakuacha hasira, ameichoka tu. Watu wakageuka kumtazama. Mimi nilikuwa nimemwona miaka mingi na kumhesabu kuwa mtu asiye na neno.

Kwa hiyo ninyi wawili, mkiwa kazini, funikeni mikrofoni kwa kitambaa, angalieni mkanda mapema ikiwa treni haijachelewa, na msiogope pengo. Mkipata mtu kama Papa Kitenge, msimjibu kwamba watu si ng'ombe. Anajua.

Zaina atawaonyesha mengine. Muulizeni kwa mdomo, maana haonyeshi kitu usoni, au anaonyesha kitu kingine.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa najua kila mtu anataka nini. Leo najua haja za watu wachache tu: wale niliowauliza, wakanijibu.